Fomu Namba Kumi na Nne

"Godoro halikai ndani! Nimekwambia mara ngapi? Hayo masikio yako ni ya kuvalia hereni tu?"

Stendi ya Lindi ilikuwa na kelele zake za kila asubuhi, lakini sauti hiyo ilizipita zote. Dereva aliyekuwa anafoka alisimama kwenye ngazi ya basi liitwalo Ngarambi, lile linalokwenda Kilwa Masoko na kurudi. Shati lake jeupe la mikono mifupi lilikuwa limenyooshwa mpaka mikunjo ya pasi inaonekana, na begani alitupia kitaulo cha rangi ya maziwa. Kijana mtanashati, tuseme ukweli. Tatizo lilikuwa mdomo.

Mwenye godoro aliondoka ananung'unika. Hapo ndipo Natalia aliposogea, amevaa gauni la kitenge cha kijani na viatu vya wazi, amekumbatia rundo la bahasha kifuani.

"Samahani kaka, wewe ndiye dereva?"

"Hapana. Mimi ndiye godoro."

Natalia alicheka. Hakucheka kwa adabu ya kumpoza mtu, alicheka kweli, mpaka bahasha mbili zikamdondoka. Eusebio, maana hilo ndilo jina la dereva, alishuka ngazi akaziokota, na alipoinuka hasira zilikuwa zimemtoka bila yeye kujua zilikokwenda.

"Pole, dada. Asubuhi haijanikalia vizuri. Unasafiri?"

"Sisafiri. Nasoma chuo cha maendeleo ya jamii, nimekuja kufanya utafiti. Nataka kujua nyinyi madereva hasira zenu mnazifanya nini mkiwa kazini."

Wapiga debe waliosikia waliangua kicheko. "Dada, umefika penyewe!" alisema mmoja. "Huyo peke yake anakutosha kitabu kizima!"

Walikuwa hawamsingizii. Ilikuwa mwaka 2004, mwaka mmoja tangu daraja la Rufiji lifunguliwe, na kila mwenye fedha zake alikuwa ameleta basi barabara ya kusini. Madereva walikuwa wengi, lakini wa kulipitisha basi kwenye tope la Mbwemkuru kama Eusebio walihesabika kwa vidole. Na katika wote, aliyeongoza kwa kulalamikiwa na abiria alikuwa ni huyohuyo.

"Haya, lete hiyo karatasi," alisema Eusebio. "Jina niandike?"

"Usiandike. Hata mimi mwenyewe sitajua nani kajibu nini."

Hapo Natalia alidanganya kidogo. Nyuma ya kila bahasha alikuwa ameandika namba ndogo kwa penseli, na kwenye daftari lake kila namba ilikuwa na jina. Mwalimu wake ndiye aliyetaka hivyo, ili majibu ya dereva yalinganishwe na rekodi yake ya kazi ofisini kwa tajiri mwenye basi. Bahasha ya Eusebio ilikuwa namba kumi na nne.

"Jaza kwa moyo, tafadhali," alisema. "Nitazichukua Ijumaa."

"Kwa moyo kabisa, mwalimu."

Natalia alipogeuka tu kwenda basi la pili, Eusebio alinyoosha mkono nyuma bila kuangalia. "Kondo, shika. Karatasi." Kondo, kondakta aliyefanya naye kazi miaka sita, aliipokea akaichomeka mfukoni pamoja na orodha ya abiria. Hakuna kati yao aliyeona ajabu.

* * *

Ijumaa Natalia alichukua bahasha yake, na pamoja nayo mfuko wa machungwa kutoka kwa Eusebio. Ijumaa iliyofuata hakuwa na bahasha ya kuchukua, lakini alifika stendi vilevile. Baada ya hapo Eusebio akawa akipita jirani na Mtanda, alikokuwa akiishi Natalia kwa shangazi yake Benadetha, anapiga honi mara mbili fupi. Shangazi, akiwa dukani kwake anapima sukari, alikuwa anasema bila kuinua macho, "Saa kumi na mbili na robo. Mwanaume wako kapita."

"Si mwanaume wangu, shangazi."

"Basi mwambie asiniamshie mtaa."

Simu nazo zikaanza. Huko barabarani mtandao haukuwepo, isipokuwa Nangurukuru, kwenye kichuguu nyuma ya mgahawa wa chai. Abiria wakinywa chai, Eusebio anapanda kichuguu.

"Hallo, mwalimu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe leo umegombana na nani?"

"Hata mmoja!"

"Sebi."

"Sawa, mmoja. Anataka nimshushe katikati ya pori, nisimame kwenye kona. Nikamwambia akili kaacha nyumbani."

"Ukamwuliza kwa nini anataka kushuka hapo?"

"Nimwulize ili iweje?"

"Mtu anayefoka kuna kitu kinamuuma, mpenzi wangu. Kabla hujamjibu, mwulize anawahi nini. Swali moja tu. Likishindikana, mtukane."

Eusebio alibana simu sikioni. Alikuwa amesikia maneno mawili tu katika yote hayo. "Umeniita nani?"

"Vocha yako inaisha, dereva. Kwaheri," alisema Natalia, akakata, akabaki ameegemea mlango anatabasamu peke yake kama mtu asiye na akili nzuri.

Walipendana, tusizunguke. Eusebio alimwambia mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu: kwamba baba yake alikuwa akifoka nyumbani mpaka sufuria zinatikisika, na kwamba yeye akianza kufoka humsikia baba yake ndani ya koo lake, na huona aibu, na aibu hiyo humfanya afoke zaidi. Natalia alimsikiliza. Miezi mitatu ikapita, na kitabu cha malalamiko ofisini kwa Mzee Fakihi, mwenye basi, hakikuandikwa jina la Eusebio hata mara moja. Mzee alikifunua, akakifunga, akamwuliza karani kama kalamu imeisha wino.

* * *

Mwezi wa kumi na moja bahasha zilitimia thelathini, na Natalia akakaa mezani kwa shangazi kuzifungua. Alijiambia atazisoma kwa mpangilio. Alianza na namba kumi na nne.

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kulala upande mmoja. Kwenye mstari wa hali ya ndoa, alama ilikuwa imewekwa pembeni ya neno *ameoa*.

Alidhani amesoma vibaya. Akaruka mpaka swali la tisa: *Ukirudi nyumbani na hasira za kazini, nani hukutuliza, na kwa njia gani?*

*Mke wangu,* liliandikwa jibu. *Hunikanda mgongo kwa maji ya moto na chumvi mpaka nasahau abiria wote. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.*

Natalia aliisoma mara nne. Kilichomuuma zaidi ni ile chumvi. Mtu akidanganya hasemi chumvi.

"Una nini?" aliuliza shangazi Benadetha.

"Sina kitu."

Angeweza kumwuliza Eusebio, na mambo yangeishia hapohapo. Lakini angeanzaje? Angesema, nilikuahidi sitajua nani kaandika nini, kumbe nilikuwekea namba, na ya kwanza kuifungua ni yako? Aibu ilimkaba upande mmoja na wivu upande wa pili. Simu ilipoita mchana ule kutoka Nangurukuru, aliipokea amesimama.

"Mwalimu wangu, nimekuletea ufuta wa..."

"Eusebio, naomba usinipigie tena."

"Nini? Mtandao unakatika."

"Umesikia vizuri. Usinipigie, na usinipigie honi. Kwa nini, jiulize mwenyewe."

Eusebio alijiuliza. Alijiuliza kuanzia Nangurukuru mpaka Lindi, na jibu pekee alilopata ni kwamba amepatikana mwanaume wa chuoni, mwenye miwani, asiyenuka dizeli. Alipiga simu siku tano mfululizo. Haikupokelewa. Siku ya sita alipita Mtanda kimya, na shangazi Benadetha akainua macho kutoka kwenye mzani.

Siku hiyohiyo bibi mmoja wa Mchinga, mwenye tenga la kuku, alichelewa kusema "shusha". Eusebio alimpeleka mbele nusu kilomita kusudi, na alipomshusha alimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Jioni mwanawe bibi alikuwa ofisini kwa Mzee Fakihi, na kalamu ya karani ilikuwa na wino wa kutosha.

"Eusebio," alisema Mzee Fakihi, kofia yake ya kufuma imekaa sawasawa na sauti haijapanda hata kidogo. "Mikono yako naipenda. Wallahi, hakuna mwenye mikono kama yako. Lakini zamani basi lilikuwa moja, la serikali, abiria akitukanwa anameza. Leo yapo manne. Akitukanwa kwangu anapanda la jirani, na anakwenda na ukoo wake. Jumamosi nitapanda mwenyewe. Nikisikia neno moja baya kwa abiria, tukifika Masoko unanikabidhi ufunguo, na Kondo arudi na dereva mwingine."

"Sawa, mzee."

"Kazi hii unaipenda?"

Eusebio alitazama mikono yake. "Sijui nyingine, mzee."

* * *

Jumamosi mvua ilianza kabla ya alfajiri. Natalia alikuwa na miadi Kilwa Masoko na msimamizi wake wa utafiti, na alikuwa ameapa atapanda basi lolote isipokuwa la Ngarambi. Lakini mabasi mengine mawili yaliahirisha safari kwa sababu ya tope, na la tatu lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Alipanda akiwa amejifunika ushungi wa kanga mpaka kwenye nyusi. Kiti kilichobaki kilikuwa cha mbele, pembeni ya Mzee Fakihi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ah, mtafiti wetu! Leo utaona kwa macho. Akimtukana abiria tena, kama yule bibi wa Mchinga na kuku wake, ufunguo nauchukua."

Kwenye kioo cha juu macho ya Eusebio yalikutana na yake. Dereva alitazama barabara, akatia gia, akaendesha mpaka Mchinga. Hapo alipanda mwanaume wa makamo, amevaa kanzu iliyolowa, mikono mitupu.

Walipovuka Mbwemkuru, lori la korosho lilikuwa limezama limekata barabara. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini, kisha arobaini. Joto likapanda ndani ya basi, watoto wakaanza kulia. Ndipo yule wa kanzu aliposimama.

"Wewe dereva! Leseni kakupa nani, mganga wa kienyeji? Wenzako wanapita pembeni, wewe umekaa kama unaangalia mpira! Dereva mshenzi! Dereva mwoga!"

Kondo, mlangoni, alifumba macho. Mzee Fakihi hakugeuka, ila tasbihi mkononi mwake ilisimama. Natalia aliona mishipa ya shingo ya Eusebio ikisimama, na alijua kinachokuja na alijua kinachopotea. Mtu huyu alikuwa amemdanganya, ndiyo. Hata hivyo alijikuta anaomba, akisema moyoni: mwulize, Sebi, mwulize.

Eusebio alizima injini. Aliinuka kwenye kiti, akapita katikati ya abiria, mabega yake yakijaza njia. Mama mmoja alivuta mtoto wake. Eusebio alifika kwa yule mtu wa kanzu, akachuchumaa mpaka akawa chini yake.

"Shikamoo, baba."

Mtu yule alikuwa tayari kwa ngumi, si kwa shikamoo. "Marahaba," ilimtoka.

"Nimekusikia, baba. Unawahi nini?"

Yule mtu alifuta uso kwa mkono wa kanzu. Alikaa chini. "Nawahi kumzika binti yangu," alisema. "Kiranjeranje. Amefariki usiku, kwenye uzazi. Wamesema baada ya swala ya adhuhuri hawawezi kusubiri zaidi."

Eusebio aliweka mkono wake juu ya goti la kanzu iliyolowa.

"Pole, baba. Saa siwezi kukuahidi. Lakini hapa sitakaa tena." Akainuka. "Jamani, mmesikia. Wanaume naomba tushuke. Tukate matawi tutandike upande huu wa kulia, nitapita."

Walishuka wote, na Mzee Fakihi akiwemo, amekunja suruali. Natalia naye alivua viatu akabeba matawi. Kwa nusu saa walitandika, na Eusebio alilipitisha basi pembeni ya lile lori likiwa limelala upande kiasi kwamba abiria waliosimama nje walishika vichwa. Kuanzia hapo hakusimama pengine, na hakuna abiria aliyemlaumu kwa kupitilizwa.

Kiranjeranje walikuta jeneza limeshainuliwa. Eusebio alizima injini mbali kidogo, bila honi. Yule baba alishuka akikimbia, akapokea jeneza begani upande wa mbele. Mzee Fakihi na abiria wengi walifuata maziko. Eusebio, aliyekuwa Mkristo kutoka uwanda wa Makonde, alisimama pembeni ya barabara amevua kofia mpaka walipomaliza. Natalia alimtazama kutoka dirishani, na alilia, na hakujua vizuri anamlilia nani.

* * *

Nangurukuru abiria walishuka kunywa chai. Eusebio hakupanda kichuguu, alikaa kwenye usukani. Natalia alimfuata Kondo aliyekuwa anapuliza kikombe chake.

"Kondo, hongereni kwa leo."

"Ah, dada, mimi moyo ulikuwa mdomoni."

"Mke wa Eusebio ana bahati," alisema Natalia. Alitaka ionekane ni salamu tu. "Hajambo lakini?"

Kondo alishusha kikombe. "Mke gani?"

"Mke wake. Anayemkanda mgongo."

"Kwa chumvi?"

"Ndiyo, kwa chumvi!"

"Dada," alisema Kondo polepole, "huyo ni mke wangu. Mboni. Umemjulia wapi?"

Natalia alimtazama bila kuelewa, na Kondo akaendelea, sasa akiwa na wasiwasi. "Kwenye ile fomu? Si niliijaza mimi! Gari hili karatasi zote ni zangu. Ya abiria najaza mimi, ya mizani mimi, ya trafiki mimi. Yeye ni usukani. Nilikaa nayo siku mbili, dada, na mwandiko wangu wa kupeleka maombi ya kazi. Nikasema nisiache pengo hata moja, mtoto wa watu asije akafeli."

"Ukaweka kwamba ameoa!"

"Si mimi nimeoa?"

Natalia alikaa kwenye benchi. Alicheka mpaka akalia, na mwenye mgahawa akamletea maji akidhani amepaliwa. Wiki nzima ya kutopokea simu, usingizi uliopotea, bibi wa Mchinga na kuku wake, yote kwa ajili ya mgongo wa Kondo.

Alipofika kwenye dirisha la dereva hakuwa na pozi lililobaki.

"Kwa nini ulimpa Kondo fomu yangu? Nilikwambia ujaze kwa moyo!"

Eusebio alimtazama kana kwamba ni mtandao uliorudi ghafla. "Fomu? Fomu ipi? Natalia, wiki nzima hunisemeshi, leo unaniuliza fomu?"

"Imeandikwa umeoa! Namba kumi na nne. Nilikuwa nimeziwekea namba, nilikudanganya, nilijua ni yako. Nikasoma una mke, nikashindwa kukuuliza, kwa aibu. Nisamehe."

Sauti ya Eusebio ilianza kupanda. "Yaani ungeniuliza neno moja tu..." Kisha ikashuka yenyewe. Alijisugua uso kwa kitaulo. "Na mimi kwa hasira nimemwachia bibi wa watu nusu kilomita na tenga. Jumatatu nitamfuata kwake nimwombe radhi. Wewe uliumia?"

"Sana."

"Mimi pia. Sana, mwalimu." Alifungua mlango akashuka. "Una fomu nyingine?"

"Ya nini?"

"Lete. Kondo! Kalamu!"

Alikaa kwenye ngazi ya basi, fomu juu ya goti, na ulimi ukimtoka pembeni ya mdomo kwa juhudi. Abiria walimaliza chai. Walianza kusogea, wakaona, wakasogea zaidi. Mwishowe alimpa Natalia karatasi. Maswali mengi alikuwa ameyaacha wazi. Mwandiko ulikuwa mbaya, herufi zinapishana, wa mtu ambaye hajashika kalamu tangu darasa la saba.

Swali la tisa: *Ukirudi nyumbani na hasira za kazini, nani hukutuliza, na kwa njia gani?*

*Natalia. Kwa kupokea simu.*

Na juu, kwenye hali ya ndoa, hakuweka alama popote. Pembeni alikuwa ameandika: *Swali hili aulizwe Natalia. Mimi nimeshakubali. Januari naleta wazee kwa shangazi.*

Natalia aliisoma mara mbili. Nyuma yake Kondo alikuwa anasoma juu ya bega lake na kuwatangazia waliokuwa mbali.

"Eusebio!" Mzee Fakihi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele, matope mpaka magotini. Mkononi alikuwa na ufunguo ambao Eusebio alikuwa ameuacha kwenye usukani, na aliunyoosha nje ya dirisha. "Shika ufunguo wako! Abiria wanasubiri. Utaoa tukirudi Lindi."

"Bado hajanijibu, mzee!"

"Basi mtafiti, jibu tuondoke!"

Natalia alichukua kalamu ya Kondo. Aliegemeza karatasi kwenye ubavu wa basi uliojaa tope, akalikata neno *hajaoa*, akalikata na *ameoa*, na katikati yake, kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni, akaandika *anaoa*. Chini kabisa, mahali pa jina alipokuwa amewakataza madereva thelathini wasiandike chochote, aliandika majina yao mawili.